Mfuko wa ovaroli ya baba

Kwenye droo ya cherehani yangu, chini ya chaki na nyembe za kufumulia, kuna kaunta buku ya kwaya mbili ambayo jalada lake limeshaanza kuachia. Humo naandika mawazo ya watu niliyoyakuta mtandaoni. Kuna fundi aliyeonyesha namna ya kushona zipu ya kuficha kwa kutumia mguu wa kawaida wa cherehani. Kuna mama anayepanga mabaki ya vitenge kwa rangi badala ya ukubwa, na ukimwona anavyochomoa kipande anachokitaka bila kupekua fungu zima, unatamani uwe yeye. Kila wazo naliwekea mistari mitatu: ni la nani, nililiona lini, nililijaribu lini. Mstari wa tatu ndio mara nyingi hubaki mtupu, na ndio unaoninyima raha.

Nashona Kirumba, njia ya kushukia Mwaloni. Anayepafahamu ameshaisikia harufu ya dagaa. Tangu alfajiri mikokoteni inapita na magunia, mengine ya kwenda Congo, mengine Rwanda, na wateja wa nguo wanaanza kuja jua likishapanda. Hapo katikati ndipo nilipokuwa nashika simu. Miaka mingi niliishia kuangalia tu. Bando la wiki linakata siku ya tatu, nami sijashona hata pindo moja jipya. Picha nilizihifadhi kwa mamia nikijiambia nitazirudia. Halafu siku moja simu ikanichomoka mkononi kwenye kivuko cha Kamanga, ikazama. Nilikaa kwenye benchi nikajaribu kukumbuka kilichokuwamo, na picha nilizoweza kuzitaja hazikufika kumi. Kesho yake nikanunua kaunta buku.

Wazo la kwanza kupata mstari wake wa tatu ni la chupa. Chumba changu cha kazi kina paa la bati na dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani. Mchana kweupe nilikuwa nawasha taa ili nione uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, na umeme ukikatika nabeba kiti nakwenda kukaa mlangoni. Ndipo nikakutana na habari za Alfredo Moser, makanika wa mji wa Uberaba nchini Brazili. Mwaka 2002, kipindi umeme unakatika ovyo kwao, alijaza maji safi kwenye chupa ya plastiki ya lita mbili, akatia vifuniko viwili vya jiki ili maji yasiote ukijani, akaipenyeza kwenye tundu la paa, nusu nje nusu ndani. Jua linaingia kwa juu, maji yanalitawanya chumbani. Jua likiwa kali, chupa moja inaangaza kama balbu ya wati 40 hadi 60, bila waya wala betri. Akawafungia na majirani zake. Kufika 2011 watu wa Ufilipino walikuwa wameanza kuzifunga kwa wingi kwenye nyumba za watu wa kipato cha chini, na tangu hapo zimefika nchi nyingi.

Mimi nilitumia chupa ya maji ya lita moja na nusu. Fundi baiskeli tunayepakana naye alinitobolea bati. Mwanga ulipoingia nilisimama katikati ya chumba nikageuza kiganja, nikaona mistari yake yote. Siku hiyohiyo nikaweka picha stetasi, kwa furaha, bila kumtaja Moser na bila kusubiri mvua. Vuli ilipoanza, chupa ikavujia gauni la mteja. Kosa lilikuwa langu: nilipaka silikoni moja kwa moja juu ya bati lenye vumbi. Wanaozifunga kwa wingi huanza na kipande kidogo cha bati kinachoikaba chupa shingoni kama kola ya shati. Wanaifunga chupa kwenye kola hiyo ikiwa bado chini, silikoni inakauka, halafu kola ndiyo inayobanwa kwenye paa na kuzibwa pembeni. Kola ya shati naijua, kwa hiyo nilielewa mara moja. Kilichoniuma ni kwamba watu wawili walikuwa wameshatoboa mabati yao kwa kufuata picha yangu. Wa Mabatini tulikwenda na fundi baiskeli tukamrekebishia. Wa Ukerewe nilimwelekeza kwa simu, jioni nzima, yeye yuko juu ya paa na mwanawe ameshika ngazi. Tangu siku hiyo siweki picha ya kitu ambacho hakijanyeshewa, na nikikiweka nasema kilipovuja.

Ninalotaka hasa kulieleza liko ukurasa wa 31.

Baba alikuwa fundi mitumbwi. Alipasua mbao, alipigilia, alikalafati, na watoto wote sita tumesoma kwa mitumbwi hiyo. Alifariki mwaka juzi. Tulipoanua matanga, nguo zake zikagawanywa kama ilivyo desturi: suti kwa baba mdogo, mashati mazuri kwa kaka zangu, koti la baridi kwa mjomba. Zikabaki nguo za kazi ambazo hakuna aliyezitaka. Ovaroli mbili za bluu, suruali tatu za jinzi za mtumba kutoka Mlango Mmoja, mashati ya drafti yenye madoa ya lami. Mtu mmoja akasema zichomwe tu. Mama hakujibu. Alizikunja moja moja, akazitia kwenye beseni, akalisukuma chini ya kitanda.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikaona kwenye simu picha ya blanketi la viraka, vipande virefu vya rangi iliyopauka, bluu, kahawia, na kijivu ambayo zamani labda ilikuwa nyeupe. Nilidhani ni la hukuhuku. Kumbe lilishonwa mwaka 1942 na Missouri Pettway, mwanamke mweusi wa kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani. Mumewe alikuwa amefariki. Akachukua nguo zake za kazi, akamwambia binti yake kwamba anataka blanketi la kumkumbuka, ajifunike kwa upendo. Ndani ya viraka hivyo kuna na vitambaa vya magunia ya pamba.

Nilipofika kwenye pamba nikaweka simu chini. Bibi yangu mzaa baba alilima pamba maisha yake yote, na sisi tuliokulia Usukumani tunajua mgongo unavyouma wakati wa kuchuma. Wale wa Gee's Bend ni wajukuu wa watumwa waliolima pamba kwenye shamba la mtu aliyeitwa Pettway, ndiyo maana wengi wao hadi leo wanaitwa jina hilo. Kijiji chao kimezungukwa na mto pande tatu. Mwaka 1962, watu weusi walipoanza kuvuka kwenda mjini kudai haki ya kujiandikisha kupiga kura, kivuko kikaondolewa. Kikarudishwa 2006. Miaka 44! Kwetu ni Sengerema. Kabla daraja la Kigongo hadi Busisi halijafunguliwa Juni 2025, nimeshawahi kukesha kwenye foleni ya kivuko nikiwa na mgonjwa kwenye gari, kwa hiyo niliposoma miaka hiyo 44 sikuhitaji kuelezwa zaidi. Na katika hali hiyo wanawake wale walikaa wakashona. Mwaka 2002 mablanketi yao yalianikwa ukutani kwenye jumba la sanaa la Houston, baadaye New York, na 2006 yakachapwa kwenye stempu za posta ya Marekani. Walichokishona kwanza kilikuwa kwa ajili ya baridi ya usiku.

Nilimwendea mama na simu. Nikamwonyesha picha, nikamsimulia habari za yule mama wa Alabama. Akaitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole kama nilivyomfundisha, akauliza swali moja tu: "Huyo mume wake alikuwa anafanya kazi gani?" Nikamwambia alikuwa mkulima. Akainama, akavuta beseni.

Kufumua kulinichukua siku tatu. Ovaroli ya fundi haifumuki kirahisi, mishono yake imeshonwa mara mbili na jasho limeikaza. Ndani ya mfuko wa kifua wa ovaroli ya pili nilikuta unga wa mbao ulioganda, msumari wa inchi mbili, na penseli fupi kama kidole gumba, imechongwa kwa kisu pande zote. Nikampelekea mama kwenye kisahani. Akaichukua penseli, msumari akaniachia. Akasema, "Mfuko huo usiuguse." Nikaukata na kitambaa chake kinachouzunguka, mzima mzima, kifungo chake kikiwa juu yake.

Kwa mafundi wenzangu niseme hili, maana sikulikuta popote. Jinzi ukiikutanisha na mshono wa jinzi nyingine, tabaka zinakuwa nyingi na sindano namba 14 inakatika. Nilikata tatu. Weka namba 16. Ukifika penye unene, sugua kipande cha sabuni ya mche juu ya mshono, acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono tundu kwa tundu. Mabonde utayapiga pasi baadaye. Na bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza vitambaa, usiipuuze. Mimi kwenye gauni naweza kuiruka, ila kwenye tabaka tatu za blanketi, usipopiga bandi kuanzia katikati kwenda pembeni, kitambaa cha chini kinajikunja na utakiona umeshamaliza.

Sikutaka kuiga mpangilio wa Missouri Pettway. Ule ni wake na wa mumewe. Nilipanga vipande virefu, kila kimoja kimeanza pale mwenzake alipofikia nusu, kama mbao za ubavuni mwa mtumbwi. Sikumwambia mtu. Siku nilipolitandaza sakafuni, mama alizunguka mara mbili bila viatu, akasimama upande wa miguuni akasema, "Hapa angeanza na mbao fupi." Nikafumua safu ile ya mwisho nikaipanga upya. Alikuwa sahihi, lilikaa vizuri zaidi.

Mfuko uko upande wa kulia, pale mkono unapofika ukiwa umelala. Mama anawekamo rozari yake.

Kuliweka mtandaoni ilikuwa kazi nyingine. Kwanza niliomba ruhusa yake, maana ni nguo za mumewe. Alikubali. Kaka yetu mkubwa alikasirika. Alinipigia akasema nguo za marehemu si za kupitishwa kwenye simu za watu. Nilimsikiliza, na kwa sehemu alikuwa na haki. Kuna mambo ya msiba ambayo yana watu wake. Nikaondoa picha ya beseni na ile ya penseli, nikabakiza za ushonaji. Na safari hii nikaandika kila kitu: jina la Missouri Pettway, mwaka, kijiji chake, sindano zilizokatika, sabuni, na lalamiko la mama, kwamba ni zito. Ndani nilikuwa nimetia blanketi letu la zamani, na kwa joto la Mwanza analifurahia Juni na Julai tu. Miezi mingine linakaa limekunjwa miguuni.

Waliopenda picha walikuwa wengi, na wengi wao wakapita, kama nilivyokuwa napita mimi. Ila dada mmoja wa Musoma aliniandikia usiku, ujumbe mrefu. Mumewe alikuwa dereva, ana mashati yake kumi na moja, watoto watatu, na cherehani hana. Aliuliza kama kwa mkono inawezekana. Nikamwambia wale wa Gee's Bend wameshona kwa mkono miaka na miaka. Nikamtumia picha ya mshono wa mkono nilioufanya pembeni, karibu kabisa, hadi tundu za sindano zinaonekana. Kwa wiki kadhaa alikuwa ananitumia kila safu anayoimaliza. Mashati ya dereva ni mepesi, kwa hiyo yeye alihangaika na vitambaa kuteleza, mimi nilihangaika na vitambaa kugoma. Ikabidi tushauriane: akaanza kuyalowesha kwenye maji ya wanga, anayakausha, anayapiga pasi, ndipo anakata. Hilo lilikuwa lake. Sikulijua.

Juzi amenitumia picha ya la kwanza likiwa limemalizika, la mtoto mkubwa. Kola nne za shati amezipanga katikati zimeelekeana. Nikamuuliza ndani ametia nini, maana lilivyolala kitandani lilionekana jepesi. Akajibu hakuwa na blanketi la kutoa, ametia khanga mbili chakavu, moja juu ya nyingine, akazishika kwa bandi ndogondogo ambazo hakuzitoa.

Khanga mbili. Na kwao Musoma joto lipo kama letu.

Nimefungua ukurasa wa 31 nikaongeza mstari wa nne, chini ya ile mitatu: khanga badala ya blanketi, dada wa Musoma, na tarehe. Kisha nikampigia mama. Jumamosi nalifumua upande mmoja, natoa lile blanketi zito. Ameshatoa khanga zake mbili sandukuni, moja imepauka hadi maandishi yake hayasomeki.