Majirani wa Nabothi

Mchungaji wa Dodoma anaposoma kanisani sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, anaisoma mbele ya watu wanaolijua shamba la mizabibu kwa mikono yao. Wengi wanalo Hombolo, Mpunguzi au Mvumi, au walikuwa nalo kabla ya kuliuza. Wanajua uchungu wa kukaa na zabibu zilizokwisha kuiva huku mnunuzi akipiga chenga, na wanajua jinsi bei ya ardhi ilivyopanda tangu Serikali ihamie huku. Kwa hiyo mfalme Ahabu anapomwambia Nabothi, mwenye shamba la mizabibu, kwamba atampa shamba jingine lililo bora kuliko hilo, au fedha kama apendavyo, kanisa zima hunyamaza, kwa sababu maneno ya namna hiyo wameshayasikia yakisemwa kwa Kiswahili.

Uamuzi wa kuyahamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi haukumsumbua mkulima sana. Bunge lilianza kukutana hapa mwaka 1996, na mwaka 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali yote inahama. Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Tangu hapo Mji wa Serikali umesimama Mtumba, na mahali ambapo watoto walikuwa wakichunga mbuzi pamejaa bikoni za upimaji. Silalamikii ujio huo. Vijana wetu wamepata kazi, barabara zimepatikana, na treni ya SGR imemfanya shangazi aliyeko Dar es Salaam asiwe tena na kisingizio cha kukosa harusi. Ninachotaka kusema ni kwamba ardhi ikipanda bei, imani ya watu hupimwa kwenye karatasi ya mauziano kabla ya kupimwa kwenye sanduku la kura, na sisi wachungaji hatujalizungumza jambo hilo vya kutosha.

Ninapohubiri habari za Nabothi, huona baadhi ya waumini wakisogeza simu karibu ili warekodi, wakitarajia kwamba mwishoni nitamtaja Ahabu wa leo kwa jina lake na cheo chake. Hutoka wamekata tamaa. Si kwamba naogopa kusema neno juu ya wakubwa. Nabii Eliya, aliyemkemea Ahabu, hakuogopa, naye ndiye anayesomwa siku hiyo. Ni kwamba habari yenyewe, ukiisoma polepole, inatumia mistari mingi kuwaeleza watu ambao hawakuwa wafalme. Nabothi amekataa kuuza, na Ahabu amelala kitandani, amegeuza uso, anakataa chakula kama mtoto aliyenyimwa maandazi. Yezebeli anaandika nyaraka kwa jina la mumewe na kuzitia muhuri wake. Lakini nyaraka hazikumuua Nabothi. Zilipelekwa kwa wazee na watu wenye vyeo waliokaa naye mji mmoja, watu waliojua mpaka wa shamba lake unaanzia wapi, na hao ndio waliotangaza mfungo, wakamketisha mbele ya watu, wakaleta mashahidi wawili wa uongo, wakamtoa nje ya mji na kumpiga mawe. Hakuna aliyeandika kuuliza kama muhuri ule ni wa kweli, na hakuna aliyesema kwamba anaumwa siku hiyo. Tena angalieni walivyoanza: walianza na ibada. Mfungo ulitangazwa ili dhuluma ipate sura ya utakatifu.

Binti yangu, ambaye anasoma sheria chuoni, aliendeleza hoja hiyo wakati wa chakula cha jioni. “Baba,” alisema huku akimegea tonge kwenye bakuli la mlenda, “Sheria ya Musa ilidai mashahidi wawili, na wao wakaleta wawili. Kwa hiyo faili la Nabothi lilikuwa limekamilika.” Mama yake akamwambia ale kwanza, kesi za Israeli zitamsubiri. Mimi niliichukua sentensi ile na kuitumia katika mahubiri ya Jumapili iliyofuata, bila kumlipa chochote. Ni kweli kwamba dhuluma nyingi za ardhi ninazoletewa ofisini zina faili lililokamilika: picha za pasipoti zimebandikwa, dole gumba limegongwa, muhuri wa mtaa upo, na orodha ya mashahidi imejaa majina ya watu wanaoshiriki meza ya Bwana.

Kuhusu wanasiasa wenyewe, msimamo wetu ni mfupi. Tunaiombea Serikali kila Jumapili, kama Paulo anavyomwagiza Timotheo, na tunamwombea aliyepo madarakani bila kuuliza kama tulimpigia kura. Mgeni mwenye cheo anakaribishwa, anatambulishwa na anaketi. Kipaza sauti cha ibada hakipokei salamu za chama chochote. Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, nayo pia haikubali chama cha siasa kisajiliwe kwa lengo la kukuza maslahi ya dini fulani. Naiona kuwa ni busara kwa pande zote mbili. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuninong’oneza kwamba kwa msimamo huo paa letu litachelewa kuezekwa. Limechelewa kweli.

Jambo linalonichukulia muda zaidi ni lile la mashahidi. Mwaka jana, baada ya mavuno, alikuja nyumbani kwangu muumini mmoja akiwa na dalali. Tuliamkiana kwa “mbukwa”, kama ilivyo desturi kwetu Ugogoni, kisha akatoa karatasi yenye mistari iliyochanwa kutoka kwenye daftari, ikiwa imeandikwa kwa mkono na kukunjwa mara nne. Alikuwa anauza eneo lake pamoja na nyumba iliyomo, na chini kabisa, upande wa muuzaji, palikuwa na nafasi moja tu ya shahidi iliyobaki. Mnunuzi alikuwa ndani ya gari barabarani, kioo kimepandishwa. Nikauliza, “Mama yuko wapi?” Dalali akajibu haraka kuliko mwenye nyumba: “Baba Mchungaji, mama anajua kila kitu, ni saini yako tu inayosubiriwa.” Nikawaambia kwamba, kama anajua kila kitu, basi haitamchukua muda kufika. Tulimpigia simu. Alikuwa anadhani mumewe ameenda kununua dawa ya mizabibu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwenzi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Wengi husikia habari hizo kwa mara ya kwanza wakiwa barazani, kesi imeshafunguliwa. Kwa sababu hiyo, katika mafundisho ya ndoa kanisani kwetu tumeongeza somo la hati na mauziano, na wazee wa kanisa wanakubaliana kwamba hatutasaini karatasi ya nyumba au shamba ambayo mke au mume hakuisoma mbele yetu. Dalali yule hapiti tena mtaani kwetu kwa furaha.

Nyumbani kwangu mwenyewe jambo hili halijaisha. Baba yetu alituachia shamba upande wa Mvumi, na kaka yangu mkubwa anashikilia kwamba dada zetu, kwa kuwa wameolewa, wameshapata kwao. Nimemsomea habari za binti za Selofehadi katika Hesabu sura ya 27, waliosimama mbele ya Musa wakidai urithi wa baba yao, na Mungu mwenyewe akasema wamenena haki. Akanijibu kwamba Selofehadi hakuwa na mtoto wa kiume, na sisi tupo wawili. Ni jibu zuri, nami nikamwambia hivyo. Kisha nikamsomea Ayubu 42, ambako binti watatu wanapewa urithi pamoja na ndugu zao saba wa kiume, na hapo akasema chai imepoa.

Dada zetu wameandika barua kwa mtendaji wa kijiji kuomba mgawanyo ufanyike mbele ya baraza, nami nimeweka saini yangu chini ya majina yao. Kaka bado hajasaini. Kikao kitafanyika baada ya mavuno ya Agosti, na mama yetu ameshasema atakuja mwenyewe kuonyesha mipaka, kwa kuwa yeye ndiye aliyepanda mstari wa kwanza wa mizabibu.