Gitaa Ambalo Hakuna Aliyelitaka

Nilikwenda kwa mzee aliyenifundisha gitaa nikiitafuta ile sauti inayolia kama mtu, ambayo nilikuwa nimeisikia kwenye rekodi za wapiga gitaa wa bluzi, Son House na Robert Johnson. Nilishajua kwamba mpigaji habonyezi nyuzi. Anavaa kidoleni bomba la kioo au chuma, liitwalo slaidi, na kulitelezesha juu ya nyuzi. Nilichotaka ni gitaa la kuanzia slaidi.

Magitaa yake yaliegemea ukuta. Macho yangu yalivutwa na resoneta, gitaa la chuma lenye koni za alumini tumboni za kukuza sauti. John Dopyera ndiye aliyelibuni, na kampuni ya National ikaanza kuyatengeneza mwaka 1927, wakati wapiga gitaa walipokuwa wakimezwa na ngoma na tarumbeta. Son House mwenyewe alipiga gitaa la aina hiyo. Nikanyoosha mkono.

“Hilo utalifikia, mwanangu,” mzee akasema. “Kwanza lete kidole.”

Akanivisha slaidi ya kioo kwenye kidole cha mwisho, ili vidole vingine vitatu vibaki huru. Nikamkumbusha kwamba Duane Allman, mpiga gitaa wa roki, alivaa kichupa cha dawa kwenye kidole cha pete. Akacheka, akasema kila mkono una njia yake, ila kwa anayeanza kidole cha mwisho kinaacha nafasi kubwa zaidi ya kubonyeza nota za kawaida. Mpaka leo nakubaliana naye.

Kisha akanipa gitaa lake la umeme, lenye nyuzi nyembamba zilizolala karibu kabisa na shingo. Kwa vidole ni raha tupu. Nilipoweka slaidi, kioo kilizididimiza nyuzi na kugonga freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, tak, tak, kila niliposogea. Nota zilizimika kabla hazijaanza. Mzee hakusema neno, aliniacha nisikilize.

Halafu akatoa pembeni gitaa la mbao ambalo hakuna mwanafunzi aliyelitaka. Nyuzi zake zilisimama juu mno, na kila aliyelishika alilalamikia maumivu ya vidole. Alikuwa amelifunga nyuzi nene, wa kwanza ukiwa wa inchi 0.013. Hata hivyo akaziinua zaidi kwa kukivisha kichwa cha shingo kipande kidogo cha chuma chenye mifereji, juu ya ule mfupa unaobeba nyuzi. Akalegeza uzi wa sita, wa tano na wa kwanza, kila mmoja kwa toni moja, mpaka nyuzi zote kwa pamoja zikatoa kordi ya G, yaani nota kadhaa zinazopatana, bila kubonyezwa popote. Alipendelea kushusha badala ya kupandisha, kwa sababu nyuzi nene zikikazwa kupita kiasi huvuta shingo na daraja.

“Haya. Usibonyeze. Gusa tu. Na slaidi iwe juu ya kile chuma chenyewe, si nyuma yake.”

Hapo ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Vidole vilivyozoea kukaa nyuma ya freti havikubali upesi kuhamia juu yake. Tofauti ya upana wa ncha ya kalamu inatosha kuifanya nota iwe chini au juu ya mahali pake, na sikio linaijua kabla ya jicho. Akanionyesha kulaza vidole nyuma ya slaidi ili kuzima mlio wa kipande cha uzi kilichobaki huko. Bila hivyo gitaa zima linavuma. Mkono wa kulia nao ulikuwa na kazi ya kunyamazisha nyuzi nisizozihitaji.

Nilipofika freti ya 12, sauti ikatoka safi na ndefu. Akanituma freti ya 5, kisha ya 7, na nikagundua kwamba kwa sehemu hizo tatu tu nilikuwa tayari na kordi zote za msingi za bluzi. Furaha ile ilinijaa kifuani, nikataka kukimbilia wimbo mzima.

Mzee alikataa. Alinitaka nibaki freti ya 7, nitetemeshe slaidi polepole, kiasi kilekile kila upande wa chuma, mpaka nota itetemeke bila kuyumba. Resoneta ikabaki pale ukutani, na sikuiomba tena siku hiyo. Nilichoomba ni ruhusa ya kuondoka na lile gitaa la mbao.