Mario: jinsi tulivyoruka hadi dunia ya 4

Hapa Majengo, Dodoma, mimi na mdogo wangu tulikuwa hatuvuki dunia ya 3 ya mchezo wa video wa Super Mario Bros. wa 1985. Mchezo wenyewe hauhifadhi ulipofikia, kwa hiyo umeme ukikatika mnaanza upya 1-1 (dunia ya 1, hatua ya 1). Tulijaribu kukimbia kasi, tukajaribu kuingia kila bomba, wapi!

Dawa iko mwishoni mwa 1-2. Panda zile lifti zinazopanda (za mwanzo hushuka), rukia kulia juu ya matofali ya dari, kimbia. Utalipita bomba la kutokea kwa juu. Hapo ndipo tulipokuwa tukikosea, tukirudi chini mapema. Usishuke! Endelea mpaka uone mabomba matatu yenye namba za dunia yanakokupeleka: 4, 3, 2. Simama juu ya lile la kushoto, bonyeza chini.

Jana mdogo wangu alishangilia hadi mama akaja sebuleni.