Treni ya Vizibo

Mwaka 2016, serikali ilipoanza kutoa elimumsingi bila malipo, darasa la awali nililokuwa nikifundisha wilayani Kilosa lilifurika watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukaa mahali penye kengele na ratiba. Vipindi vyetu vilikuwa vya dakika 20, na kwa mtoto wa miaka mitano aliyezoea kucheza uani mpaka aitwe kula, huko kulikuwa ni kukatishwa shughuli asubuhi nzima.

Mvulana mmoja mwembamba alilia kila tulipotoka kwenye michezo kwenda kunywa uji, ingawa akishafika jikoni alimaliza kikombe chake na kuomba kingine. Siku ninayoikumbuka zaidi alikuwa amepanga vizibo vya soda, vile tulivyokusanya kwa ajili ya kuhesabia, mstari mrefu kutoka ukutani hadi karibu na mlango, kizibo chekundu kikiwa ndicho kichwa cha treni. Wenzake walipoanza kukusanya vifaa kwenye ndoo, alivilalia kifudifudi akipiga kelele, hata wanafunzi wa darasa la kwanza wakaja kuchungulia dirishani.

Mama mpishi alifika kuuliza kwa nini uji unapoa. Hakumvuta mkono wala hakumbembeleza. Alichutama, akaniomba chaki, akachora mstari kuizunguka treni yote, kisha akamwambia, "Hii ndiyo stesheni, baba. Treni imesimama. Ukimaliza uji utaikuta hapa hapa." Mtoto akauliza ni nani atakayeilinda. "Mwalimu," akajibu, huku akinitazama kwa namna ambayo haikuniachia nafasi ya kukataa. Akampa na kazi ya kubeba vikombe vya plastiki, na yule aliyekuwa akigaragara akatangulia mbele.

Nikabaki nalinda vizibo (uji wangu niliukosa), nikatafakari kilichokuwa kikimliza. Kila shughuli ilipobadilika, kazi aliyokuwa hajaimaliza ilizolewa, na tangazo la "bado dakika tano" halikumsaidia, kwa sababu hakujua dakika tano zina urefu gani. Tangu hapo nilitaja jambo analoweza kuliona mwenyewe: ongeza vizibo vitatu, kisha tunakwenda kunawa mikono. Kona moja ya darasa tuliitengea kazi ambazo hazijakamilika, ijapokuwa kwa wingi wa watoto ilijaa upesi, ikabidi tukubaliane kwamba kinachobaki hadi saa ya kurudi nyumbani kinaingia ndooni. Saa hiyo ya kurudi nyumbani iliendelea kuwa ngumu, maana chumba kilifagiliwa kila siku.

Mwalimu mwenzangu aliona kwamba ninamdekeza mtoto. Nilimwomba aje ajionee saa ya uji, akakuta foleni ya kunawa imekwisha kupangwa, na baada ya uji kipindi cha hesabu kikaanza kwa wakati. Kuhusu uji alikubali. Kuhusu kona, aliendelea kusema kwamba inakula nafasi ya madawati, na hapo hakukosea.