Mnunuzi Mmoja: Australia, China na Sisi wa Pemba

Kila inapozungumzwa habari ya namna nchi za kidemokrasia za Magharibi zinavyopaswa kuishi na China, nchi ninayoiangalia kwanza ni Australia. Marekani ni kubwa mno kuwa mfano kwa wengine, na Ulaya ina serikali nyingi zenye maslahi tofauti. Australia ina watu wachache kuliko Tanzania, inapiga kura kwa uhuru, na mteja wake mkubwa kuliko wote ni dola inayoendeshwa kwa mfumo usiofanana hata kidogo na wake. Yaliyoifika baina ya mwaka 2020 na 2024 yamenishughulisha sana, na ninaamini kwamba sisi wa Pemba, tuliolelewa na karafuu, tunaweza kuyaelewa upesi. Maoni yangu ni kwamba nchi inayotaka kusema ukweli mbele ya China bila ya kuumia lazima iwe imejitayarisha kabla ya kufungua mdomo, kwa sheria zake za ndani, kwa wingi wa masoko yake na kwa washirika watakaosimama nayo. Ikiyakosa hayo, gharama ya ukali wake italipwa na wakulima wake.

Uhusiano huu haukuanza kwa uhasama. Gough Whitlam alikwenda Beijing mwaka 1971 akiwa kiongozi wa upinzani, safari iliyomletea lawama kubwa nyumbani, na baada ya kushinda uchaguzi serikali yake iliitambua Jamhuri ya Watu wa China mwezi wa Disemba 1972. Miaka ikapita, viwanda vya China vikahitaji madini ya chuma ya Pilbara, magharibi mwa Australia, kwa mamilioni ya tani, na biashara ikakua hata China ikawa inanunua zaidi ya theluthi moja ya bidhaa zote zinazouzwa nje na Australia. Mkataba wa biashara huria baina yao ulianza kutumika Disemba 2015. Mwaka 2018 Bunge la Australia lilipitisha sheria za kuzuia nchi za kigeni kuingilia siasa zake kwa siri, na mwaka huohuo serikali ikaizuia kampuni ya Kichina ya Huawei kushiriki katika kujenga mtandao wa simu wa 5G. Hatua zote mbili naziunga mkono. Kikulacho ki nguoni mwako, na hakuna taifa linalopaswa kuomba radhi kwa kulinda Bunge lake na mawasiliano yake.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuja Aprili 2020, pale serikali ya Scott Morrison ilipotoa wito wa uchunguzi huru kuhusu chanzo cha Uviko-19. Ombi lenyewe lilikuwa la haki, kwa kuwa watu walikuwa wakifa dunia nzima na kila aliyefiwa alikuwa na haki ya kujua. Lakini lilitoka kwa nchi moja, hadharani, kabla ya kukusanywa kundi la nchi za kulibeba pamoja. Mwezi uliofuata China ilitangaza ushuru wa asilimia 80.5 kwa shayiri ya Australia, na baadaye ikafuata zamu ya mvinyo, uliotozwa ushuru uliofika hadi zaidi ya asilimia 200, pamoja na nyama ya ng'ombe, makaa ya mawe, magogo na kambakoche. Bidhaa zilizoguzwa zilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 20 za Australia kwa mwaka. Mwezi wa Novemba ubalozi wa China mjini Canberra ukawapa waandishi wa habari orodha ya malalamiko 14, na miongoni mwake yalikuwamo maneno ya wabunge na habari zinazoandikwa na magazeti, mambo ambayo serikali ya kidemokrasia haiwezi kuyazuia hata ikitaka.

Jambo linalonishangaza hadi leo ni kwamba katika wiki ileile ya Mei 2020 ambayo ushuru wa shayiri ulitangazwa, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kufanya tathmini huru kuhusu namna dunia ilivyoukabili ugonjwa ule, na la kutafuta chanzo cha virusi vyake. Azimio hilo liliongozwa na Umoja wa Ulaya, likaungwa mkono na nchi zaidi ya 100, nyingi zikiwa za Afrika, na China yenyewe haikulipinga. Dai lililokaribiana sana na lile la Aprili, likibebwa na wengi, lilipita. Likibebwa na mmoja, liliadhibiwa. Kwangu mimi hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kuliko huo.

Sasa nieleze kwa nini habari ya shayiri inanigusa. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia, nchi ambayo watu wake wanavuta sigara zilizochanganywa na karafuu, na sehemu kubwa ya karafuu hizo ilitoka kwetu Pemba. Serikali ya Zanzibar iliendeshwa kwa fedha hizo. Katika miaka ya 1970 Indonesia ilipanda mikarafuu yake kwa wingi, miti ile ikakua, na kufika miaka ya 1980 haikuwa na haja nasi tena. Bei ikaporomoka. Hakukuwa na ugomvi wowote, wala hakuna aliyetutukana. Mnunuzi alijitosheleza akaondoka, nasi tulikuwa hatujajitengenezea wengine wa kutosha. Mashamba yaliachwa yakaota magugu, vijana wakahamia Unguja, Tanga na Mombasa, na zipo familia ambazo hazikurudi. Ikiwa mnunuzi asiye na kinyongo anaweza kukuacha katika hali hiyo, basi mnunuzi anayetaka kukufundisha adabu ana nguvu kubwa zaidi, na nchi yenye busara huipima nguvu hiyo mapema, zao kwa zao, kabla ya siku ya ugomvi.

Australia ilinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu China haikuthubutu kugusa madini ya chuma, ambayo zaidi ya nusu ya yale inayoyaagiza yanatoka Australia. Shayiri ilipata wanunuzi Saudi Arabia na kwengineko, na makaa ya mawe yakaenda India, Japani na Korea Kusini. Wakulima wa zabibu hawakubahatika, kwani mvinyo uliotengenezwa kwa ladha ya mteja wa China haukupata pa kwenda na matangi yakajaa. Serikali ilifungua mashauri katika Shirika la Biashara Duniani, na baada ya uchaguzi wa Mei 2022 serikali mpya ya Anthony Albanese ikabadilisha sauti bila ya kufuta sheria hata moja. Alikutana na Xi Jinping mjini Bali Novemba 2022, akenda Beijing mwaka mmoja baadaye, na ushuru wa shayiri ukaondolewa Agosti 2023, wa mvinyo Machi 2024. Huawei ilibaki nje. Sheria za mwaka 2018 zilibaki. Haya ndiyo ninayotamani serikali nyengine ziyatazame, kwamba sauti ilishuka na msimamo haukushuka.

Washirika nao wana lao la kujibu. Wakati shayiri ya Australia imefungiwa mlango, Ufaransa na Canada ziliendelea kuiuzia China shayiri yao, na mvinyo wa Chile na Ufaransa ukachukua nafasi iliyoachwa. Sisemi kwamba mkulima wa Ufaransa afunge duka lake kwa ajili ya mwenzake wa Adelaide, lakini serikali zinazotoa matamko ya mshikamano zinapaswa kuwa na utaratibu wa kumfidia anayeumizwa. Mwaka 2021 Lithuania iliruhusu Taiwan, kisiwa ambacho China inakihesabu kuwa chake, kufungua ofisi kwa jina lake mjini Vilnius, na bidhaa za Lithuania zikakwama katika forodha za China. Ilimchukua Umoja wa Ulaya hadi Disemba 2023 kuwa na sheria inayotumika ya kujibu mashinikizo ya kiuchumi dhidi ya mwanachama wake. Sheria hiyo ilichelewa, lakini ni ya maana kuliko matamko kumi.

Mimi ni Muislamu, na siwezi kuandika juu ya China nikaliruka suala la Waislamu wa Uighur wa Xinjiang. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema katika ripoti ya tarehe 31 Agosti 2022 kwamba yaliyotendwa huko yanaweza kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mwezi wa Oktoba pendekezo la kuijadili tu ripoti hiyo katika Baraza la Haki za Binadamu lilishindwa kwa kura 19 dhidi ya 17, na Pakistan, Indonesia na Qatar zilikuwa miongoni mwa waliolikataa, ilhali Somalia ililiunga mkono. Nilihuzunika, na bado nahuzunika. Kwa hiyo sitaki nchi za Magharibi zinyamaze. Nataka maneno yao yaaminike. Katika mabaraza yetu watu wengi wanayapuuza kwa sababu hawakusikia sauti ileile ikipazwa kwa ajili ya Gaza, na jambo hilo linawaumiza Wauighur wenyewe kabla ya mtu mwengine yeyote.

Tena zisitulazimishe kuchagua. Sisi tuliyaona. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 iliitambua Ujerumani Mashariki, iliyokuja kutujengea nyumba Kikwajuni na Kilimani, na baada ya Muungano Ujerumani Magharibi ilitaka uhusiano huo ukatwe. Mwalimu Nyerere alikubali Wajerumani wa Mashariki wabakie na konseli kuu tu Dar es Salaam, badala ya ubalozi kamili. Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaona hata hilo ni kubwa, ikauondoa msaada wake wa kijeshi Februari 1965, naye akaikataa misaada yake mengine. Mwaka 1972 Ujerumani mbili zenyewe zilitia saini mkataba wa kuendesha uhusiano wao. Madaktari wa Kichina wamekuwa Zanzibar tangu 1964, na hospitali ya Abdulla Mzee ya Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China. Katika vita dhidi ya kichocho, ugonjwa unaowapata watoto wetu mitoni, wamefanya kazi hapa wataalamu wa Uingereza na Uswisi, kisha wakaja wa jimbo la Jiangsu la China kuwaangamiza konokono wanaoueneza. Mzazi wa Pemba hawezi kuambiwa amkatae mmoja wao. Australia ilikaribia kosa hilo pale Visiwa vya Solomon vilipotia saini mkataba wa usalama na China Aprili 2022, lakini Penny Wong, baada ya kuwa waziri wa mambo ya nje wa Australia, alianza kuvizuru visiwa vya Pasifiki kimoja baada ya kimoja na kuwasikiliza juu ya bahari inayopanda, na huo ni mwendo bora.

Limebaki suala la Darwin, mji wa bandari wa kaskazini mwa Australia. Mwaka 2015 serikali ya Northern Territory, eneo ulimo mji huo, iliikodisha bandari ya mji huo kwa miaka 99 kwa kampuni ya Kichina ya Landbridge, kwa dola milioni 506 za Australia. Mapitio ya mwaka 2023 hayakuona haja ya kuuvunja mkataba, kisha katika uchaguzi wa 2025 vyama vyote viwili vikubwa viliahidi kuirejesha bandari mikononi mwa Waaustralia. Naona irejeshwe kwa kununuliwa, kwa bei iliyokadiriwa na watathmini wasiofungamana na upande wowote, kwa sababu mkataba ule ulitiwa saini na viongozi waliochaguliwa wakiwa na akili zao timamu, na kuufuta kwa amri kungekuwa ni kukubali kwamba mikataba huvunjwa na mwenye nguvu. Pamoja na hayo serikali kuu ilipe fedha za kuiendeleza bandari ambazo Northern Territory ilikuwa ikizitafuta ilipoamua kuikodisha.