Usiku wa ekstensheni moja

Ukungu ulishuka jioni, na muda si muda ubao wa safari wote ukawa mwekundu: imefutwa, imefutwa, imefutwa. Mwanzoni kila mtu alikuwa na lake. Kwenye foleni ya kaunta tuliangaliana kwa jicho la pembeni, maana nafasi za ndege ya asubuhi zisingetutosha sote na kila mmoja alilijua hilo.

Kilichotukutanisha ni umeme. Upande wetu wa ukumbi soketi nzima ilikuwa moja tu, na aliyeiwahi ni mama mmoja wa makamo aliyetembea na ekstensheni yake. "Leteni simu," akasema, "ila mtu asichomoe ya mwenzake." Akapanga zamu kwa chaji: aliyeishiwa kabisa, kwanza. Kijana mwenye asilimia 40 akanuna. Hakuna aliyemwonea huruma.

Ukishamwachia mtu simu, begi si kitu. La kwangu nilimwachia msichana mmoja, mwanafunzi, nikaenda msalani. Kurudi nikakuta amelifanya mto, usingizi umemchukua. Mlinzi gani huyo! Ikabidi nikae nimlinde yeye.

Usiku ulipokuwa mkubwa, mzee mmoja aliyevimba miguu alitusimulia habari za Gander, mji mdogo wa Newfoundland, Kanada. Septemba 11, 2001, anga ya Marekani ilipofungwa, ndege 38 zilielekezwa huko zikiwa na abiria zaidi ya 6,000, na wenyeji wakawalaza shuleni, makanisani, hata majumbani mwao.

"Wale walipata wenyeji," akasema. "Sisi hapa sote wageni."

"Kwani mimi sijakukaribisha, mzee?" mama akamdaka. Tulicheka mpaka waliolala wakaguna.

Nilijikuta nikiwaeleza kuhusu kazi ninayotaka kuiacha, jambo ambalo ndugu zangu hawajalisikia. Georg Simmel, mwanasosholojia Mjerumani, aliliandika hili mwaka 1908: mgeni huambiwa yale wanayofichwa watu wa karibu. Naona ni kweli. Wale hawakuwa na la kupoteza nikiacha kazi, wala la kupata, kwa hiyo waliniuliza maswali ambayo nyumbani yangegeuka ugomvi.

Kulipopambazuka mama, mzee na yule msichana wakaitwa. Mimi sikuitwa. Mama akanipa ile ekstensheni: "Wewe sasa ndiye bwana umeme." Nikatazama waliobaki. Kijana aliyenuna alikuwa ameshuka hadi asilimia 6, kwa hiyo nikamweka wa kwanza.