Vijana wa mizinga waliozama na Khedive Ismail

Ukitaja wanajeshi waliopotea vitani watu wanafikiria misitu ya Burma ama mateka kambini, lakini kuna kikosi karibu kizima kutoka huku kwetu kilipotea baharini mchana kweupe, na kila nikiuliza watu hapa Nairobi naona hata jina la meli hawalijui.

Meli inaitwa Khedive Ismail. Februari 1944 ilitoka Kilindini kwenye msafara wa meli tano za kubeba watu, wanaenda Ceylon (ndiyo Sri Lanka ya leo), maana vita vya Mjapani vilikuwa upande huo. Ndani watu zaidi ya 1,500, na karibu elfu moja ni wa kikosi kimoja tu, 301 cha East African Artillery, watu wa mizinga. Wanawake pia walikuwemo, wengi wao manesi, 77 kati yao hawakurudi. Tarehe 12, karibu na Maldives, saa nane na nusu mchana hivi, watu wameshakula, wengine wamekaa wanasikiliza muziki, nyambizi ya Kijapani I-27 ikawatandika topido mbili. Dakika mbili hivi meli haipo. Dakika mbili jamani, aliye deki ya chini hata ngazi hajaiona.

Halafu ikaja balaa nyingine. Waliobahatika kutoka walikuwa wanaelea, meli ya kivita Paladin inawaokota, na mwenzake Petard anaisaka nyambizi, na nyambizi imejificha chini ya hao hao wanaoelea. Petard akadondosha mabomu ya kulipukia majini. Hesabu yao ya kivita naielewa, ile nyambizi ingeachwa ingezamisha meli zingine na watu wengine, lakini kila nikiisoma hiyo sehemu nafunga simu kwanza. I-27 mwishowe ilizamishwa siku hiyo hiyo. Waliokufa 1,297, waliopona mia mbili na kitu.

Maiti hakuna, kaburi hakuna, kwa hiyo majina yao yako kwenye East Africa Memorial, pale makaburi ya vita Ngong Road. Nyasi zinakatwa vizuri, matatu zinapiga honi nje, na ndani mara nyingi uko peke yako na mtunza bustani.

Swali langu ni la nyumbani kwao. Kijiji kinaambiwa fulani kapotea baharini, bahari yenyewe wengi hawajawahi kuiona, sasa matanga unayawekaje? Wajaluo walikuwa na jibu, mtu akizama ziwani asipatikane wanazika tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, linalazwa kaburini badala yake, linaliliwa kama mtu, basi mjane anajua amekuwa mjane. Kwa Waislamu kazi inaenda kwa kadhi, na hapo wanachuoni wenyewe hawakubaliani, kwa madhehebu ya Maliki mke anangoja miaka minne kisha anakaa eda, Wahanafi wa zamani wakasema angoje mpaka rika la mumewe liishe kufa. Binti wa miaka 20 angoje rika liishe! Si ajabu siku hizi makadhi wengi wanaegemea hiyo miaka minne.

Na msidhani ni mambo ya wakoloni tu. El Adde, Somalia, Januari 15, 2016, kambi ya wanajeshi wetu ilivamiwa, na mpaka leo serikali haijatoa hadharani hesabu rasmi ya waliokufa. Wazungu wa 1944 na dharau zao zote angalau waliandika majina ukutani, sisi tunafichana wenyewe kwa wenyewe, na hilo linanikera kuliko topido.

Kama kwenu kuna mzee alienda na meli hakurudi, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, unatafuta bure. Ila usikate tamaa mapema, majina yetu yaliandikwa vile karani alivyosikia, jaribu L badala ya R, jaribu jina la baba kama ndilo la kwanza, jaribu na kuchuja kwa tarehe, 12 Februari 1944.